Samaki Mkunje Angali Mbichi? Dhiki ya Jinsia Utotoni na Fundisho la Utafiti kwa Mzazi wa Langas

Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi. Methali hii ni miongoni mwa zile ambazo mwanafunzi wa Kiswahili hukutana nazo tangu madarasa ya chini, na ni nadra sana kuhojiwa. Mzazi huitumia amfunzapo mwanawe adabu, mwalimu huitumia akishika kiboko, na mhubiri huitumia awaasapo waumini. Hata hivyo, methali ni chombo, na chombo chaweza kutumiwa pasipo mahali pake. Anayemkunja samaki sharti ajue anamkunja kuelekea wapi, na sharti awe na hakika kwamba alichokishika mkononi ni samaki.

Chukulia mzazi mmoja katika mtaa wa Langas, upande wa kusini wa jiji la Eldoret, kando ya barabara iendayo Kisumu. Amepanga chumba kimoja katika ploti yenye milango kumi, bomba moja la maji na ua mmoja wa kuanikia nguo. Mwanawe wa kiume ana umri wa miaka saba. Kila arejeapo kutoka shuleni mtoto huyo hujifunga leso ya mamaye, hucheza na wasichana tu, hulia anyolewapo nywele, na siku moja anasema, pasi na mzaha, kwamba yeye ni msichana. Katika ploti ya milango kumi hakuna siri. Kabla jua halijatua, jirani wa kwanza amekwisha kushauri kwamba apigwe hadi hayo yaishe. Wa pili ameshauri apelekwe akaombewe. Wa tatu, aliyesoma habari mbili tatu kwenye simu, anasema mtoto aachwe kwa sababu watoto hupitia hayo kisha wakayasahau. Wa nne, ambaye pia amesoma kwenye simu, anaapa kwamba hayo hayaishi kamwe na kwamba mzazi aamue mapema.

Mzazi huyo ni wa kubuni, lakini swali lake si la kubuni. Je, hali kama hiyo hubadilika kadiri mtoto akuavyo, au hudumu? Makala haya yanashikilia kwamba utafiti umelijibu swali hilo nusu tu, na kwamba ile nusu isiyojibiwa ndiyo yenye fundisho kubwa zaidi. Utafiti waweza kueleza habari za kundi la watoto. Hauwezi kueleza kesho ya mtoto mmoja. Na maadamu hakuna awezaye kuitabiri kesho hiyo, hakuna aliye na ruhusa ya kumwumiza mtoto kwa jina la utabiri.

Kutenga mambo yanayochanganywa

Ni vyema kwanza kuyatenga mambo matatu ambayo hutiwa katika kapu moja. La kwanza ni mchezo. Mvulana kucheza kalongo na kujipa cheo cha mama, au msichana kupanda miti na kuchukia rinda, si ugonjwa wala si dalili ya lolote. Watoto huuiga ulimwengu ili waujue.

La pili ni hali ya mtoto aliyezaliwa na maumbile yasiyokuwa wazi kuwa ni ya kiume au ya kike. Huyo ndiye Kiswahili cha jadi kilichomwita huntha. Nchini Kenya watu wa hali hiyo walihesabiwa kwa mara ya kwanza katika sensa ya mwaka 2019, wakapatikana 1,524, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imewataja watoto hao na kuwapa ulinzi.

La tatu ndilo linalohusu makala haya. Yuko mtoto ambaye maumbile yake hayana utata, lakini kwa muda mrefu na kwa nguvu anajihisi kuwa wa jinsia nyingine, na jambo hilo linamtia uchungu. Uchungu huo ndio unaoitwa hapa dhiki ya jinsia. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 unataka hali hiyo iwe imedumu kwa miezi sita au zaidi, na mtoto awe na hamu kubwa ya kuwa wa jinsia nyingine au ashikilie kwamba ndiye hasa, pamoja na dalili nyingine kadhaa. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, liliiondoa hali ya kutowiana kwa jinsia na maumbile katika sura ya magonjwa ya akili. Kwa hiyo mtoto wa aina hii hana wazimu, wala hajachezewa na majini. Ana jambo linalomsumbua, na jambo hilo lina jina.

Tafiti zasemaje?

Swali la kudumu au kubadilika limefuatiliwa zaidi katika miji miwili: Toronto nchini Kanada na Amsterdam nchini Uholanzi. Watafiti waliwaandika watoto waliopelekwa kliniki, wakangoja miaka mingi, kisha wakawatafuta tena wakiwa vijana au watu wazima.

Mwaka 2008 watafiti wa Toronto walitoa matokeo ya wasichana 25. Walipochunguzwa tena, wastani wa umri wao ukiwa miaka 23, ni watatu tu, yaani asilimia 12, waliokuwa bado na dhiki hiyo. Mwaka 2021 yakatolewa matokeo ya wavulana 139 wa kliniki hiyo hiyo, ambao kati yao 17 ndio waliodumu katika hali hiyo. Hiyo nayo ni kama asilimia 12. Amsterdam, mwaka 2008, Wallien na Cohen-Kettenis walitoa matokeo ya watoto 77, nao waliodumu walikuwa 21. Miaka mitano baadaye Steensma na wenzake waliripoti juu ya vijana 127, na 47 kati yao, yaani asilimia 37, walikuwa bado na dhiki.

Jirani wa tatu akizisoma tarakimu hizi atapiga makofi, kwa maana kote huko walio wengi walibadilika. Lakini jirani wa nne naye ana utafiti wake. Mwaka 2022 Kristina Olson na wenzake nchini Marekani walichapisha habari za watoto 317 ambao tayari wazazi wao walikuwa wamekubali waishi katika jinsia waliyoisema, kwa jina, mavazi na namna ya kutajwa. Miaka mitano hivi baada ya kuanza maisha hayo, asilimia 94 walikuwa bado wanajitambua vivyo hivyo. Asilimia 2.5 walikuwa wamerejea katika jinsia ya maumbile yao, na waliosalia hawakujiweka upande wowote.

Na kama kwamba hayo hayatoshi, mwaka 2024 ulitoka utafiti kutoka kaskazini mwa Uholanzi usiohusu kliniki hasa. Vijana 2,772 walifuatiliwa tangu umri wa miaka 11 hivi hadi 26, wakiulizwa mara sita kama wanatamani kuwa wa jinsia nyingine. Mwanzoni mwa ujana asilimia 11 walikiri kuwa na hisia hiyo kwa kiasi fulani. Kufikia utu uzima walibaki asilimia 4. Asilimia 19 hisia hiyo ilipungua kadiri walivyokua, na asilimia 2 iliongezeka.

Basi nani mkweli? Asilimia 12, 37 au 94? Msomaji atakayetaka kuchagua tarakimu moja na kuitupilia mbali mingine atakuwa amefanya kama wale vipofu wa hadithi waliompapasa ndovu, mmoja akashika mguu na mwingine mkonga.

Chanzo cha tofauti hizo

Tarakimu hazisemi uongo, ila hujibu swali lililoulizwa. Katika kundi la Toronto hawakuwa watoto wote waliotimiza vigezo kamili vya dhiki ya jinsia. Kati ya wale wavulana 139, waliovitimiza walikuwa 88. Waliobaki 51 hawakufikia kiwango hicho. Fauka ya hayo, vigezo vilivyotumika kabla ya mwaka 2013 vilimruhusu mtoto kuhesabiwa hata kama hakuwahi kutamka kwamba anataka kuwa wa jinsia nyingine. Mvulana mpole apendaye wanasesere aliweza kuingizwa katika hesabu ile ile na mtoto anayelia usiku akitaka mwili mwingine. Hapana ajabu kwamba wengi walikuja "kubadilika", kwa kuwa baadhi yao huenda hawakuwa na la kubadilika.

Hali kadhalika, kuna suala la wasiopatikana. Kati ya wale watoto 77 wa Amsterdam, 23 hawakujibu walipotafutwa. Ukiwahesabu kuwa wamebadilika, waliodumu ni asilimia 27. Ukiwaacha nje ya hesabu, waliodumu ni 21 kati ya 54, yaani asilimia 39. Watoto ni wale wale na kliniki ni ile ile, ila kigawanyo ndicho kilichobadilika. Mzazi akipigiwa asilimia usoni, na aulize: ni asilimia ya nani?

Utafiti wa Marekani nao una mipaka yake. Watoto wale walikuwa wa familia zilizojitokeza zenyewe, nyingi zikiwa na uwezo, na zilizokwisha kuamua. Inawezekana kwamba ni watoto ambao hali yao ilikuwa na nguvu zaidi tangu mwanzo, na inawezekana pia kwamba kukubaliwa mapema kuliwathibitisha katika njia yao. Utafiti huo peke yake hauwezi kuyatenganisha hayo mawili. Na swali moja la dodoso waliloulizwa vijana wa kaskazini mwa Uholanzi si sawa na uchunguzi wa daktari.

Yapo, hata hivyo, machache ambayo utafiti umeyagusa kwa mkono thabiti zaidi. Mosi, ukali wa dhiki una uzito: utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba watoto waliokuwa na dhiki kali zaidi ndio waliodumu zaidi. Pili, katika utafiti huo huo kulikuwa na tofauti kati ya mtoto anayesema "natamani kuwa msichana" na anayesema "mimi ni msichana". Huyu wa pili alielekea zaidi kudumu. Tatu, mahojiano yaliyochapishwa mwaka 2011 huko Uholanzi yaliutaja umri wa miaka 10 hadi 13 kuwa njia panda. Katika umri huo jamii huanza kuwatenga wavulana na wasichana, mwili huanza kubadilika, na moyo huanza kuvutwa na mapenzi ya kwanza. Kwa wengine mambo hayo matatu yaliipoza dhiki. Kwa wengine yaliichochea ikawaka.

Lililo la kweli zaidi kuliko yote ni hili: pamoja na dalili hizo, hakuna kipimo kinachoweza kumwambia mzazi wa mtoto wa miaka saba kwamba wako atabadilika, au wako atadumu. Ndiyo sababu tathmini iliyoongozwa na Dakta Hilary Cass nchini Uingereza, iliyotolewa Aprili 2024, ilisisitiza udhaifu wa ushahidi na haja ya uangalifu kwa watoto wadogo. Mabishano makali ya nchi za Magharibi yanahusu dawa na umri wa kuzitumia. Katika ploti ya Langas swali linatangulia dawa: usiku huu mtoto atalala amekula, au atalala amepigwa?

Kiboko na kipande chekundu

Jirani wa kwanza bado hajajibiwa. Yeye huzisikia habari za wengi kubadilika akasema: basi kiboko kitaharakisha. Hapo ndipo utafiti unapogeuzwa kuwa fimbo. Hakuna hata mmoja katika tafiti zilizotajwa uliochunguza kupigwa kama tiba, wala hakuna uliodai kwamba waliobadilika walibadilishwa na mapigo.

Wapo waliowahi kujaribu, na kisa chao kinafaa kukumbukwa. Mwaka 1970, katika chuo kikuu kimoja cha California nchini Marekani, mtoto wa kiume aliyekaribia umri wa miaka mitano, Kirk Murphy, alipelekwa na wazazi wake kwa kuwa alionekana kuwa na mwenendo wa kike. Mwanafunzi wa uzamifu, George Rekers, alimwekea mpango. Nyumbani mtoto alipewa vipande vya plastiki: vya buluu kwa mwenendo wa kiume, vyekundu kwa mwenendo wa kike. Vya buluu vilileta zawadi. Vyekundu vilileta adhabu, ikiwemo kupigwa na baba. Kakaye alikuja kusimulia, watu wote wakiwa wamekwisha kuwa wazima, kwamba alikuwa akivificha baadhi ya vipande vyekundu ili mdogo wake asipigwe.

Mwaka 1974 Rekers na mwalimu wake, Ivar Lovaas, walichapisha habari za mtoto huyo wakimwita kwa jina la kubuni, wakisema wamefaulu. Wasomi waliinukuu makala ile kwa miaka mingi. Mtoto mwenyewe alikua, akawa mtu mzima aliyependa wanaume, na mwaka 2003 alijitoa uhai akiwa na umri wa miaka 38. Familia yake ilijitokeza hadharani mwaka 2011, ikasema kwamba mpango ule ndio uliomharibu. Kifo cha mtu mmoja kina sababu nyingi, na si haki kukitundika kwenye sababu moja. Lakini jambo moja halina shaka: makala iliyotangaza ushindi ilikuwa imehesabu leso na wanasesere; haikuhesabu kilichokuwa kikitendeka ndani ya mtoto. Mtoto anayepigwa hujifunza upesi kuficha, na aliyejificha hawezi kusaidiwa wala kuchunguzwa. Mzazi hudhani samaki amekunjika, kumbe amevunjika.

Langas si Amsterdam

Kuna kasoro nyingine isiyotajwa sana. Tafiti hizi zote zilifanywa Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Hakuna mtoto wa Langas, wala wa Lamu, wala wa Kigoma, aliyehesabiwa humo. Wasomi wa Kiswahili wana la kusema hapa kuliko wanavyodhani.

Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2022, alama iliyotumiwa kumhesabu mtoto kuwa ameingia katika jinsia nyingine ilikuwa kiwakilishi cha nafsi ya tatu, kwa kuwa Kiingereza humtenga wa kiume na wa kike kila mtu atajwapo. Kiswahili hakina mpaka huo. Yeye ni yeye. Analia, anacheza, amelala. Ngeli ya A-WA haimwulizi mtu maumbile yake. Wala lugha nyingine nyingi zinazosikika Langas, Kikalenjin, Kiluhya, Kikuyu, Kijaluo, hazina kiwakilishi cha mume na kingine cha mke. Mtoto wa Langas aweza kutajwa kutwa nzima uani bila neno hata moja la kumchoma.

Hii haina maana kwamba Langas haina mipaka. Mipaka yake iko kwingine. Iko katika jina: kwa Wakalenjin, aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Kiprop akiwa wa kiume, na Cherop au Jerop akiwa wa kike, silabi ya kwanza yatosha kumpangia mtu mahali pake. Iko katika sare ya shule, kaptula kwa huyu na rinda kwa yule. Na zaidi ya yote iko katika jando. Wabukusu huwapasha tohara wavulana wao mwezi wa Agosti katika miaka inayogawika kwa mbili. Wakalenjin huwatenga wavulana wao katika likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Kwa wengi jando huja karibu na ule umri wa njia panda uliotajwa na watafiti wa Uholanzi. Kijana wa Amsterdam huufikia umri huo taratibu, siku baada ya siku. Kijana wa Langas huweza kuufikia kwa mkupuo mmoja, mbele ya ukoo mzima, akiimbiwa kwamba leo amekuwa mwanamume. Je, siku ile huipoza dhiki au huichochea? Je, wangapi huivumilia kimya kimya? Ni swali ambalo Toronto haiwezi kulijibu. Ni la watafiti wa Eldoret, mji wenye chuo kikuu na hospitali kuu ya rufaa, nao wangeliuliza kwa lugha ambayo mama wa Langas anaielewa.

Hoja ya ugeni na hoja ya dini

Wapo wasemao kwamba mambo haya ni ya kigeni, na kwamba kuyajadili ni kuyaalika. Kama yangekuwa ya kigeni, Kiswahili kisingekuwa na maneno ya kuwatukania watu wa namna hiyo, tena maneno ya zamani. Lugha haitungi tusi kwa kitu isichowahi kukiona. Tofauti ni kwamba Kiswahili kimekuwa na tusi kabla ya kuwa na istilahi.

Wapo pia wasemao kwamba dini hairuhusu. Makala haya hayakusudii kuwafundisha mashehe na wachungaji kazi yao. Yanakumbusha tu jambo ambalo wao wenyewe hulihubiri, kwamba mtoto ni amana. Aliyepewa amana huulizwa aliitunza vipi. Haulizwi kama aliivunja ili ifanane na aliyoitamani. Mzazi anayeamini kwamba mwanawe atabadilika ana kila sababu ya kumngoja kwa upole. Na mzazi anayehofia kwamba hatabadilika anayo sababu ile ile.

Sheria nayo haikunyamaza. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya aina zote za ukatili, na inasema maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza pia kumtesa mwanafunzi kiakili. Kicheko cha darasa zima kinachoongozwa na mwalimu ni mateso ya akili.

Na Eldoret yenyewe ina la kukumbuka. Mwezi wa Agosti 2025 Mahakama Kuu iliyoketi katika jiji hilo, mbele ya Jaji Reuben Nyakundi, iliamua kesi ya mtu mzima anayetajwa kwa herufi S.C. tu, aliyezaliwa na maumbile ya kiume na anayeishi kama mwanamke. Alikuwa ametiwa mbaroni mwaka 2019, akavuliwa nguo na kupekuliwa mwilini ili jinsia yake ijulikane. Mahakama iliona kwamba utu wake ulivunjwa, ikamwamuru alipwe fidia ya shilingi milioni moja, na ikaitaka serikali itunge sheria ya kuwalinda watu kama yeye. Kila mtu mzima wa hali hiyo aliwahi kuwa na umri wa miaka saba, na alikuwa na jirani wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne. Hakuna hata mmoja wao aliyejua atakuwa nani.

Lifanywe nini?

Mzazi na aanze kwa kusikiliza. Asimwongoze mtoto kusema zaidi ya anayoyasema, wala asimzibe kinywa. Aangalie jambo limedumu kwa muda gani, na je, linamkosesha usingizi, chakula au hamu ya kwenda shule. Likimsumbua mtoto, amtafute mshauri wa watoto au daktari, si kwa ajili ya kumgeuza bali kwa ajili ya kumtua mzigo. Asitangaze jambo la mwanawe uani, wala asifanye leo uamuzi ambao mtoto hataweza kesho kuutengua bila aibu. Mlango uwe wazi pande zote mbili: akibadilika, asionekane amesema uongo, akidumu, asionekane ameasi.

Mwalimu naye na akumbuke kwamba hahitaji kujua mwisho wa hadithi ya mtoto ili amkinge na kejeli za leo. Akemee majina ya kebehi kama akemeavyo matusi mengine.

Na wanafunzi wa Kiswahili wana zamu yao. Karibu utafiti wote uliotajwa hapa umeandikwa kwa Kiingereza, katika majarida ambayo mzazi wa Langas hatayaona. Yanayomfikia ni vipande vya tarakimu vilivyokatwa na kila jirani kwa kisu chake. Kuunda istilahi zisizotukana, kutofautisha huntha na mwenye dhiki ya jinsia, kueleza maana ya asilimia bila kuipaka rangi, hiyo ni kazi ya lugha kabla haijawa kazi ya hospitali. Chama cha Kiswahili kinachohakiki riwaya na kuacha mama wa ploti bila neno la kumtajia daktari hali ya mwanawe kitakuwa kimefanya nusu ya wajibu wake.

Hitimisho

Utafiti umeonyesha kwamba dhiki ya jinsia ya utotoni hubadilika kwa watoto wengi na hudumu kwa wengine, na kwamba kiasi cha hawa na wale hutegemea ni nani aliyehesabiwa na kwa kigezo gani. Haukumpa yeyote uwezo wa kumtazama mtoto mmoja na kumsomea kesho yake. Kwa hiyo jirani wa tatu na jirani wa nne wote wawili wamevuka mpaka wa wanayoyajua, naye jirani wa kwanza hana utafiti hata kidogo, ana kiboko tu. Hata maombi ya jirani wa pili hayatamfaa mtoto ikiwa yataambatana na kutengwa.

Usiku ukiingia Langas, mama hufunga mlango na kubaki na mwanawe chumbani, leso ikiwa imekunjwa juu ya sanduku. Hajui mwanawe atakuwa nani, wala hakuna msomi wa Toronto awezaye kumwambia. Anachokijua ni kwamba mtoto ana njaa na kesho kuna shule. Akimpa chakula, akamfunika, na akalala bila kumpiga, atakuwa hajakiuka lolote ambalo utafiti umelithibitisha hadi leo. Samaki mbichi hukunjwa. Mtoto hulelewa.